Karatasi ya Majibu ya Damu: Tuisomeje?



Zamani kidogo, mama aliyekwenda hospitali alipimwa damu kwa ajili ya malaria, akapimwa choo na mkojo, kisha daktari akamwambia ana ugonjwa gani na ameze dawa gani. Karatasi ya majibu ilibaki ndani ya faili. Siku hizi mambo yamebadilika. Mama akisema kwamba anachoka kila siku, nywele zinamdondoka, uzito unaongezeka bila sababu au moyo unamwenda mbio, huandikiwa vipimo vingi kwa mara moja: tezi ya thairoidi, vitamini D, vitamini B12, akiba ya madini ya chuma. Baadaye hukabidhiwa karatasi iliyojaa tarakimu, au hutumiwa majibu kwenye simu yake hata kabla hajaonana na daktari.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Wapo wenzetu wanaoona herufi moja pembeni mwa tarakimu wakakosa usingizi usiku kucha, wakidhani ni saratani. Wapo wanaokwenda moja kwa moja duka la dawa na kutumia fedha ya matumizi ya nyumbani kwa kununua chupa za vitamini. Na wapo wanaoikunja karatasi na kuitia kabatini kwa sababu hawakuielewa, na huku ugonjwa unaotibika kwa kidonge kimoja kwa siku unazidi kuwamaliza. Nyumbani mume analalamika kwamba mkewe amekuwa mvivu, na majirani wanasema yao.

Hatukusudii kumgeuza msomaji wetu kuwa daktari. Tunataka aielewe karatasi yake kiasi cha kutosha ili aweze kumwuliza daktari maswali yanayofaa, asitishike bure wala asipuuze jambo la maana.

SAFU NNE ZA KARATASI

Karatasi nyingi za maabara zina safu nne. Ya kwanza ni jina la kipimo. Ya pili ni majibu yako. Ya tatu ni kizio, yaani namna maabara ilivyopima, kama vile ng/mL au nmol/L. Ya nne ni kiwango cha kawaida, ambacho huwa ni tarakimu mbili, ya chini na ya juu. Majibu yakizidi kiwango hicho huwekwa herufi H, yakipungua huwekwa herufi L.

Tusiipite safu ya kizio haraka. Tuseme mama mmoja amepimwa vitamini D akapata 50, na jirani yake amepimwa maabara nyingine akapata 20. Wa pili atalia na wa kwanza atamshukuru Mungu. Kumbe wote wawili wako sawa kabisa! Wa kwanza amepimwa kwa nmol/L na wa pili kwa ng/mL, na kwa vitamini D kila ng/mL 1 ni sawa na nmol/L 2.5. Kwa hiyo tusilinganishe tarakimu zetu na za dada au jirani bila kutazama kizio. Na tunaporudia kipimo, yafaa kwenda maabara ile ile, maana mashine hazifanani.

Safu ya kiwango cha kawaida nayo inahitaji maelezo. Kiwango hicho hupatikana kwa kupima watu wengi wenye afya, kisha kuchukua 95 kati ya kila 100 walio katikati. Maana yake ni kwamba watu 5 kati ya 100 wenye afya njema watakuwa nje ya kiwango, juu au chini, na wala hawaumwi. Kama mtu mzima wa afya akipimwa vitu 20 visivyohusiana, uwezekano wa kupata angalau herufi moja ya H au L ni karibu theluthi mbili. Ndiyo maana tunawaasa akina mama wawe waangalifu na matangazo ya kupima mwili mzima kwa bei ya punguzo. Ukipima kila kitu bila sababu, hutakosa la kukutia hofu. Kipimo kizuri ni kile kinachojibu swali ambalo daktari amekwisha kuwa nalo baada ya kukusikiliza na kukugusa.

TSH: SAUTI YA MAMA NYUMBANI

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini ya koromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazouendesha mwili: joto, mapigo ya moyo, choo, hedhi, hata furaha na huzuni. Homoni hizo ni T4 na T3. Tezi hii haijiamulii mambo yenyewe. Inaamriwa na tezi nyingine iitwayo pituitari, iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere. Amri hiyo ndiyo TSH.

Tufikirie mama na mtoto aliyetumwa maji. Mtoto akifanya kazi yake vizuri, mama husema kwa sauti ya kawaida. Mtoto akizembea, mama hupandisha sauti. Na mtoto akikimbia huku na huko akileta maji hata ndoo zimefurika, mama hunyamaza kimya. TSH ni sauti ya mama, na T4 ni maji yaliyoletwa. Kwa hiyo TSH iliyo JUU maana yake aghalabu ni kwamba tezi imezembea, na TSH iliyo CHINI maana yake tezi inafanya kazi kupita kiasi. Wengi hulisoma jambo hili kinyume, wakaona H wakadhani tezi yao ina nguvu nyingi. Tukumbuke sauti ya mama.

Maabara nyingi huandika kiwango cha kawaida cha TSH kuwa kati ya 0.4 na 4.0 mIU/L hivi. T4 inayopimwa siku hizi ni ile iliyo huru ndani ya damu, nayo huandikwa FT4. Majibu hayo mawili husomwa pamoja:

TSH juu na FT4 chini: tezi imelegea kweli. Mama huchoka, huona baridi wakati wengine wanaona joto, hupata choo kigumu, ngozi kavu, hedhi nzito, sauti ya kukwaruza na huzuni. Dawa yake ni levothairoksini, ambayo ni homoni ile ile ya T4 katika kidonge.

TSH juu kidogo na FT4 ya kawaida: tezi inasuasua lakini bado inatimiza kazi. Hapa haraka haraka haina baraka. Kama TSH haijafika 10 na mama si mjamzito, mara nyingi daktari atamwambia arudie kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, maana kwa watu wengi hurudi yenyewe katika kawaida. Anaweza pia kuagiza kipimo cha kingamwili za tezi, kiitwacho TPO, ili kuona kama kinga ya mwili inaishambulia tezi. Ugonjwa huo ulielezwa na daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

TSH chini sana na FT4 juu: tezi imepita kiasi. Mama hukonda ingawa anakula, mikono hutetemeka, moyo hudunda, jasho humtoka, usingizi humpotea, na pengine macho hutokeza nje. Jambo hili si la kungojea. Likiachwa huuchosha moyo na kuidhoofisha mifupa.

MAMA ALIYETOKWA NA DAMU NYINGI WAKATI WA KUJIFUNGUA

Lipo jambo moja ambalo kila mama wa Afrika ya Mashariki afadhali alijue. Mwaka 1937 daktari Mwingereza aitwaye Harold Sheehan alieleza kinachoweza kumpata mwanamke aliyevuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Ile tezi ndogo ya pituitari hukosa damu ya kutosha, na sehemu yake hufa. Baadaye mama huyo hapati maziwa ya kumnyonyesha mtoto, hedhi hairudi, anachoka mno, hapendi baridi, na nywele za kwapani na za siri hupungua.

Kwa mama kama huyu, anayetoa amri ndiye aliyepotelewa na sauti. TSH yake inaweza kuandikwa ya kawaida, au chini kidogo, ingawa mwili wake umekosa homoni. Aliyepima TSH peke yake atamwambia kuwa hana tatizo. FT4 ndiyo itakayosema kweli, pamoja na homoni nyingine ambazo daktari atazipima. Basi kama ulipata kutokwa na damu nyingi ulipojifungua, hata kama ni miaka kumi iliyopita, mwambie daktari. Usingoje akuulize. Habari hiyo haimo kwenye karatasi ya maabara, iko kwako.

VITAMINI D: KATI YA JUA NA KIVULI

Vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua, na kazi yake kubwa ni kuimarisha mifupa. Wengi hushangaa kusikia kwamba mtu wa nchi ya jua kama yetu anaweza kupungukiwa. Mwaka 2012 watafiti walichapisha habari za vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, wakionyesha wastani wa nmol/L 115, yaani ng/mL 46, kiasi kinachotosha kabisa. Kwa hiyo ngozi nyeusi si tatizo mradi iko nje. Tatizo ni sisi tunaokaa ofisini au dukani tangu asubuhi mpaka jioni, wanaovaa nguo za kufunika mwili wote, na ndugu zetu waliohamia Ulaya, Marekani na Kanada, ambako jua la majira ya baridi ni hafifu.

Wataalamu wengi huhesabu chini ya ng/mL 20 kuwa ni upungufu, na chini ya 12 kuwa ni upungufu mkubwa. Maabara nyingine bado zinaweka herufi L kwa kila aliye chini ya 30. Lakini mwaka 2024 chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, Endocrine Society, kilitoa mwongozo mpya usiotetea tena kile kiwango cha 30, na kikashauri watu wenye afya wasipimwe vitamini D kwa mazoea tu. Hivyo mwenye 24 na herufi L pembeni hana sababu ya kutishika. Azungumze na daktari, apate jua kidogo, ale samaki na mayai.

Tena vitamini D nyingi kupita kiasi ni sumu. Hupandisha kalsiamu katika damu, ikaleta kiu, kutapika, kufunga choo na kuharibika kwa figo. Dozi kubwa za kila wiki ni za kuandikiwa na daktari, kwa muda maalumu.

VITAMINI B12: MAINI, DAGAA NA MAZIWA

Vitamini B12 imo katika vyakula vitokanavyo na wanyama tu: nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Haimo katika mchicha wala maharage. Ikipungua, damu hupungua na mishipa ya fahamu huumia. Mama huhisi ganzi na kuchomwachomwa miguuni, ulimi huuma na kuwa laini, naye husahau mambo. Kwa kawaida chini ya pg/mL 200 ni upungufu, na kati ya 200 na 300 ni mahali pa mashaka, ambapo daktari hutazama dalili kuliko tarakimu.

Wanaopaswa kujihadhari zaidi ni wenzetu wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa kwa sababu ya imani au kwa sababu ya ukata; wazee; wenye kisukari wanaotumia metfomini kwa miaka mingi; na wanaomeza dawa za kupunguza asidi ya tumbo kila siku. Mama anayenyonyesha akiwa na upungufu huu, mtoto naye hukosa, akawa mlegevu na kuchelewa kukua. Tukumbuke pia ile sindano nyekundu ya vitamini inayochomwa ovyo katika zahanati kwa kila mwenye uchovu. Ukiwa umechomwa karibuni, kipimo cha B12 kitakuwa juu na hakitasema kweli. Mwambie daktari.

CHUMA: SI VITAMINI, LAKINI NDICHO KINACHOTUANGUSHA

Madini ya chuma si vitamini, ila hatuwezi kuyaacha, maana uchovu wa akina mama wengi chanzo chake ni hapo. Tunapoteza damu kila mwezi, tunazaa, tunanyonyesha, na nyumbani kwetu mara nyingi kipande cha nyama kinachobaki kwa mama ni kidogo kuliko vyote.

Wekundu wa damu huandikwa Hb. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya g/dL 12 ni upungufu wa damu. Akiba ya chuma huonyeshwa na kipimo cha feritini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema feritini chini ya µg/L 15 kwa mtu mzima mwenye afya ni dalili kwamba akiba imekwisha. Lakini feritini hupanda mtu anapokuwa na homa au maambukizo, na kwa mtu kama huyo shirika hilo linahesabu hata chini ya 70 kuwa huenda ni upungufu. Kwa hiyo ukipimwa feritini ukiwa na malaria, majibu mazuri yanaweza kukudanganya.

TUSOME KARATASI MOJA PAMOJA

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 38, si mjamzito, ana watoto wanne na analalamika uchovu na nywele kudondoka. Karatasi yake imeandikwa hivi:

TSH 6.2 mIU/L (0.4–4.0) H
FT4 14 pmol/L (12–22)
Vitamini D 24 ng/mL (30–100) L
Vitamini B12 410 pg/mL (200–900)
Feritini 7 µg/L (15–150) L
Hb 10.6 g/dL (12–16) L

Mama huyu ana herufi nne. Ya kwanza kumtisha ni ya TSH, kwa kuwa iko juu ya orodha na shoga yake amemwambia habari za tezi. Lakini tutazame polepole. TSH imepanda kidogo na FT4 ni ya kawaida, basi hilo ni la kurudia baada ya miezi miwili au mitatu. Vitamini D ya 24 tumekwisha kuieleza. B12 ni nzuri. Kinachopiga kelele hapa ni feritini ya 7 na Hb ya 10.6. Mama huyu amekwisha chuma, na hicho kinatosha kabisa kumchosha na kumdondosha nywele.

Je, apewe vidonge vya chuma na mambo yaishe? Bado. Swali la maana ni damu inakwenda wapi. Hedhi yake ni nzito kiasi gani? Ana uvimbe wa kizazi? Ana minyoo ya safura? Ana vidonda vya tumbo? Tena tezi iliyolegea nayo huweza kuzidisha hedhi, kwa hiyo ile TSH isisahauliwe. Angekwenda duka la dawa na kununua vitamini D tu, angetibu herufi isiyo na uzito na kuiacha ile iliyo nzito.

Chakula nacho kina sehemu yake. Chuma cha nyama, maini na dagaa huingia mwilini kwa urahisi kuliko cha maharage na mboga za majani. Kipande cha chungwa au limau husaidia chuma cha mboga kuingia. Chai tunayoinywa pamoja na chakula hukizuia. Tungoje kama saa moja baada ya kula ndipo tuteleke chai.

MAMBO YANAYOPOTOSHA KIPIMO

Vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini kwa wingi. Kwa baadhi ya mashine, biotini huonyesha TSH chini na T4 juu kwa uongo, na mama mzima huonekana ana tezi iliyopita kiasi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya biotini mwaka 2017. Acha vidonge hivyo angalau siku mbili kabla ya kupimwa, na umwambie mtu wa maabara.

Ugonjwa mwingine. Mtu aliyelazwa kwa homa kali huweza kuwa na TSH iliyovurugika kwa muda. Kama si lazima, ngoja upone kwanza.

Saa ya kupimwa. TSH huwa juu usiku na alfajiri, hupungua mchana. Ukirudia kipimo, rudia saa zile zile.

Vidonge vya uzazi wa mpango. Huongeza T4 ya jumla ingawa ile iliyo huru haibadiliki. Kama maabara yako bado inapima ya jumla, taja kwamba unavitumia.

Vidonge vya tezi vyenyewe. Mwenye kutumia levothairoksini humeza asubuhi kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu vikae mbali navyo kwa saa nne. Akibadilishiwa dozi, kipimo hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane, maana kabla ya hapo TSH haijatulia. Siku ya kutoa damu, ulizia kama umeze baada ya kutolewa.

MJAMZITO NA MZAZI

Mimba inapoanza, TSH hushuka kidogo kwa kawaida, nalo si jambo la kuogopesha. Lakini mama aliyekuwa tayari anatumia levothairoksini huhitaji dozi kubwa zaidi tangu wiki za mwanzo, kwa sababu ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama. Mara tu hedhi ikikosekana, aende kliniki asingoje miezi mitatu. Na anayetumia dawa za kutuliza tezi iliyopita kiasi azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, maana baadhi ya dawa hizo huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Baada ya kujifungua, katika mwaka wa kwanza, tezi ya baadhi ya akina mama huvimba na kuvurugika. Kwanza hukimbia, moyo ukadunda na usingizi ukapotea, kisha hulegea. Aghalabu watu husema ni uchovu wa kulea tu. Mama mwenye huzuni isiyoisha baada ya kuzaa anastahili kupimwa tezi, kama anavyostahili kusikilizwa.

Yapo yasiyohitaji kupimwa kwanza. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki kliniki ya wajawazito, matone ya vitamini A kwa watoto wetu wa chini ya miaka mitano, na chumvi yenye iodini, vyote hutolewa kwa wote kwa kuwa faida yake imekwisha kuthibitika. Bibi zetu wanayakumbuka marovu yaliyojaa shingoni katika sehemu za milimani kabla ya chumvi kutiwa iodini. Kenya ilianza kuitia miaka ya 1970, na Tanzania ikafuata kwa sheria miaka ya 1990. Tununue chumvi iliyofungwa, tuitunze mahali pakavu. Lakini tusinywe matone ya iodini kwa sababu tu TSH imepanda. Iodini nyingi nayo huivuruga tezi.

IMANI NA KARATASI YA MAABARA

Katika Injili ya Marko tunasoma habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, akatumia mali yake yote kwa waganga wengi asipate nafuu. Bwana Yesu hakumlaumu kwa kuwatafuta waganga, alimwita binti. Na Luka, aliyeandika Injili, alikuwa tabibu. Basi kwenda maabara si kukosa imani.

Twasema hili kwa uzito kwa sababu wapo dada zetu walioombewa, wakajisikia nafuu, wakaacha vidonge vya tezi siku ile ile. Homoni ya T4 hupungua mwilini polepole, kwa hiyo wiki mbili tatu za kwanza mtu hajisikii vibaya. Mwezi wa pili ndipo anapoanguka. Tukumbuke wale kumi wenye ukoma, ambao Yesu aliwaambia waende kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kukagua. Aliyeponywa hana hofu ya kukaguliwa. Tuombe, tushukuru, kisha tukapimwe. Kama TSH inaonyesha dozi ipunguzwe, daktari ataipunguza.

Na waume zetu tuwashirikishe. Karatasi ya majibu isiwe siri ya mama peke yake. Mume akiiona Hb ya mkewe ni 10.6, akaelezwa kwamba ndiyo sababu anashindwa kuinua ndoo, hatasema tena kuwa ni uvivu. Pengine atauacha ule mnofu wa nyama uende kwenye sahani ya mama.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Yakate haya uyaweke ndani ya mkoba:

1. Kipimo hiki kilikuwa kinajibu swali gani?
2. Kilicho nje ya kiwango kina uzito gani, na ni kipi kilicho kizito kuliko vyote?
3. Je, tukirudie kabla ya kuanza dawa? Baada ya muda gani?
4. Upungufu huu umetoka wapi?
5. Dawa hii nitaitumia mpaka lini, na isikutane na dawa au chakula gani?
6. Je, majibu haya yana maana gani kama nikishika mimba?

Nawe umwambie mambo matano bila kuulizwa: dawa na vitamini zote unazomeza, sindano ulizochomwa, tarehe ya hedhi ya mwisho, jinsi ulivyojifungua, na kama katika ukoo wenu yupo mwenye ugonjwa wa tezi.

Mwisho, tuzitunze karatasi zetu. Nunua faili dogo, liandike jina lako, na kila karatasi iwekwe kwa tarehe. TSH ya leo peke yake inasema machache. Ikiwekwa karibu na ya mwaka jana na ya mwaka juzi, inaonyesha safari nzima, na daktari mgeni ataielewa hali yako kwa dakika chache. Tumezitunza kadi za kliniki za watoto wetu kwa miaka mingi bila kupoteza hata moja. Na mama naye apate faili lake.

Mungu awape afya njema, ninyi na nyumba zenu.